Mtihani wa Jikoni

Katika bonde lao, kule milimani West Virginia, hakuna mtu anayebisha hodi. Jirani huingia kwa mlango wa jikoni, akafunua sufuria, akaonja, ndipo akasalimu. Kwa hiyo Misty Ratliff alipomwambia mama yake kwamba asubuhi ile angeufunga mlango huo, Bi Opal alimtazama kana kwamba ameambiwa ahame.

"Kwa ufunguo?"

"Kwa ufunguo, Mama. Kompyuta inanitazama. Ikiona mtu wa pili, mtihani umekufa."

"Na mtu wa pili ndiye mimi."

"Leo tu. Kaa barazani. Usiingie, usigonge, na nakuomba sana, usiimbe."

Hilo la kuimba ndilo lililomuuma. Opal alivuma nyimbo za kanisani, mdomo umefumba, tangu anaamka hadi analala, na Misty alijua mama yuko wapi na yuko hali gani kwa kusikiliza tu. Lakini wiki iliyopita, kwenye mtihani wa majaribio, mvumo ule ulipenya ukutani. Mstari mdogo wa kijani pembeni mwa skrini, unaopima sauti, ukawa mwekundu, na Misty akapewa onyo.

"Haya," Opal alisema. "Nitakaa kama maiti."

"Mama, usiseme hivyo."

Misty alikuwa msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawageuza, akawalisha, na kila siku aliwaona wauguzi wakifanya kazi aliyoitamani. Chuo cha uuguzi kilimtaka kwanza afaulu biokemia, naye akaisoma mtandaoni baada ya zamu, macho yakiwasha. Huu ulikuwa mtihani wa mwisho. Akiukosa, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, naye anasubiri mwaka mzima, na kusubiri alikwisha kusubiri vya kutosha. Aliogopa. Na jikoni ndiko mahali pekee ambapo intaneti ilishika bila kukatika. Kwenye vyumba vingine ilishika ilipojisikia.

Walipanga kwamba mtihani uishe mapema, kisha wapate kifungua kinywa pamoja. Lakini msimamizi, kijana aliyekuwa sauti tu ndani ya kompyuta, alichelewa sana, na alipopatikana akawa na maswali ya askari wa mpakani.

"Nionyeshe chini ya meza. Na hiyo ukutani?"

"Kalenda ya kanisa."

"Itoe. Na hicho nyuma yako?"

"Jokofu, kaka. Nalo nilitoe?"

Kijana hakucheka. Mtihani ukaanza.

Maswali ya mwanzo yalimtoa jasho, kisha mkono ukazoea. Mstari wa kijani ulitulia. Nje palikuwa kimya kabisa, na Misty alimshukuru mama yake moyoni. Likaja swali analolijua: mgonjwa amechomwa insulini na hajala; kiungo kipi kitaumia kwanza? Akachagua ubongo, maana ubongo hauna akiba ya sukari. Akajipongeza kidogo, akaendelea.

Ndipo mkono ukasita. Opal alijichoma sindano yake ya insulini kila asubuhi kabla ya kula, bila kukosa. Na chakula chote cha nyumba ile, mkate, maziwa, hata peremende, kilikuwa upande huu wa mlango.

Atakuwa amekwenda kwa Verna jirani, Misty alijiambia. Mama ana akili zake, angegonga. Akatega sikio. Kiti cha kubembea cha barazani hakikulia. Kimya kile alichokiomba sasa kilimtisha. Na bado, Mungu amsamehe, alijibu swali jingine moja.

"Mama?"

Mstari ukawa mwekundu.

"Mtahiniwa, usizungumze," ile sauti ilisema.

"Mama, uko hapo?"

"Ukitoka mbele ya kamera, mtihani unafungwa. Huwezi kuurudia muhula huu."

"Basi ufunge," Misty alisema, akachukua maji ya machungwa kwenye jokofu, akafungua mlango.

Opal alikuwa kitini, macho wazi yasiyomwona mtu, shingo imelowa jasho. Mikono ilimtetemeka mapajani. Misty alimwinua kidevu kama alivyowainua wazee wa watu, akamnywesha kidogo kidogo, akimwita jina lake la ubatizo. Ilichukua muda. Kisha macho yakamrudia, yakamtambua.

"Umemaliza?" Opal aliuliza kwa sauti nzito ya usingizi.

"Nimemaliza."

"Umefaulu?"

"Mama, kwa nini hukugonga?"

Opal alimshangaa, kama mtoto anayegombezwa kwa kutii.

"Si uliniambia nisigonge."

Misty alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia. Aliulilia ule mwaka, na zaidi ya mwaka alililia lile swali moja alilolijibu kabla ya kuita. Opal alimpapasa nywele bila kujua analilia lipi.

"Imba, Mama."

"Na mtihani?"

"We imba tu."

Opal akaanza, sauti dhaifu, tuni ikimponyoka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nyuma yao.