Vita vya Mwenye Bucha na Mafuta

Mwenye bucha aliamini kuwa hakuna binadamu anayeyajua mafuta kumshinda yeye. Amepasua ng'ombe tangu ujana wake, na kila mara ameyakuta yamekaa palepale, kwenye figo na chini ya ngozi, meupe pee. Kwa hiyo daktari alipomwambia goti lake bovu halifanyiwi upasuaji mpaka uzito ushuke, hakungoja maelezo zaidi. Maelezo ya nini tena?

Na goti lenyewe halikuwa la kuchezea. Asiposimama yeye kwenye gogo la kukatia nyama, anasimama shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyo alikata nyama kama anayepasua kuni. Lakini alikuwa na mdomo mtamu, na wateja, watu wasio na shukrani, walishaanza kumzoea. Mwenye bucha alikaa kwenye kigoda nyuma ya mizani, roho ikimuuma. Alijua wakishamsahau, kurudi kwake kutakuwa kazi.

Basi nyumbani akatangaza vita. Chupa ya mafuta ikatolewa, siagi ikafuata. Karanga, nje. Maparachichi, nje. Mayai nayo nje, maana kile kiini, alisema, ni mafuta yaliyojificha. Mwisho wakafukuzwa samaki, masikini, ambao kosa lao lilikuwa kung'aa.

"Hata samaki, baba watoto?" mkewe akauliza.

"Hata samaki! Mimi nimeyaona mafuta tumboni mwa mnyama kwa macho yangu. Wewe umeona nini?"

Mke akawatoa samaki nje. Ukibishana na mtu aliyeona kwa macho, utakesha.

Lakini njaa haina adabu. Mwenye bucha alimaliza sinia la wali mweupe, na kabla vyombo havijakauka, tumbo linadai tena. Akalipa mkate mkavu. Likadai. Akalipa viazi, chai ya sukari tele, juisi za pakiti. Mfukoni aliweka biskuti zilizoandikwa kwamba hazina mafuta, akitafuna kutwa nzima kwa dhamiri safi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila yeye hakuwa na nafasi ya kuwasikiliza. Alikuwa akiwahubiria wateja.

"Mkate, mwanangu," aliwaambia. "Mkate haujawahi kumnenepesha mtu."

Siku ya kurudi hospitali alivaa shati lake zuri, akafuatana na mkewe. Akapanda mizani. Lo! Uzito ulikuwa umepanda.

"Daktari, mizani yenu mbovu," akacheka. "Mimi ni mtu wa mizani, najua."

Akapimwa kwa nyingine. Ikasema yaleyale. Daktari akamuuliza anakula nini, naye akataja kila kitu kwa majivuno, mpaka biskuti. Daktari akamtazama kidogo.

"Hebu nisaidie, mtaalamu. Mfugaji akitaka ng'ombe wake anone upesi, humfanyaje?"

Mwenye bucha akachangamka. Hatimaye kaulizwa swali la maana! "Humfungia zizini, asitembeetembee. Anampa pumba, anampa mahindi, anamwagia na molasi ya miwa. Ale kutwa! Ukija kumpasua, figo huzioni kwa mafuta."

"Na mafuta? Anamlisha mafuta mengi?"

"Ah, daktari nawe! Nani amlishe ng'ombe ma..."

Mkono wake ukaenda kwenye biskuti za mfukoni. Mkewe aliugeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Wanga ukizidi, mwili unaugeuza mafuta," daktari akasema kwa upole. "Na umefukuza vyote vinavyokushibisha. Rudisha mayai, samaki, karanga kiganja kimoja, mafuta kidogo ya kupikia. Wali upunguze, na juisi uache."

"Na upasuaji?"

"Uzito ukishuka, tutaongea."

Mwenye bucha aliona aibu, lakini hofu ilizidi aibu. Alipochechemea kuingia bucha, foleni ilikuwa imejaa mpaka mlangoni na watu wanacheka na shemeji.

"Vipi, shemeji, wanakupasua lini?" akauliza yule mdogo wa mkewe.

Angeweza kudanganya. Alishika ukingo wa kaunta, goti likiwaka moto.

"Bado," akasema. "Kisu baki nacho wewe."

Alingoja mtu ampe pole. Mteja wa mbele hakugeuza hata shingo. Alikuwa akimwomba shemeji amwekee na kipande cha mafuta, na shemeji alishaanza kumkatia.