Patasi ya Muthama

Muthama alidhani anamfanyia mtoi wake sapraizi. Kumbe anawasha moto wa pili.

Tangu kibanda chao cha kuchonga kiungue kule Gikomba, kijana wake Mativo, wa miaka sita, hakuwahi kuachilia kipande chake cha twiga wa mbao. Twiga gani sasa! Shingo na miguu miwili tu, mbao bado inadunga mkono. Analala nayo, anakula nayo. Kuongea alikuwa anaongea kidogo hata kabla ya moto. Baada ya hapo, zii. Pikipiki ikipita anafunika masikio. Babake akimgusa analia kama amechomwa.

Na Muthama ni fundi. Fundi akiona kazi imeachwa nusu, mikono inamwasha. Mtoi akiwa amelala akainyakua ile twiga, akaipiga msasa, akaipaka polishi ya viatu ile ya kahawia mpaka ikang'aa bei ya mtalii. Akairudisha kwa mto huku anatabasamu.

Asubuhi ploti nzima hapo Shauri Moyo iliamshwa na nduru. Mativo alikuwa ametupa twiga, anagonga kichwa kwa ukuta. Mpaka jioni hakugusa chakula.

"Huyo anataka kiboko," akasema Mbaluka, mchongaji mwenzake. "Umemlea kama yai, buda."

Muthama akamwambia bibi yake Ndunge, "Jumamosi anaenda Makueni kwa susu, nyanya yake. Mimi nimeshindwa, Mama Mativo."

Ndunge hakubishana. "Sawa. Lakini kwanza aonwe na Idil."

Idil ni therapisti wa watoto, msichana Msomali wa kuzaliwa hapo Eastleigh, Kiswahili chake ni cha mtaa kushinda cha Mbaluka. Muthama alingoja mtu wa koti jeupe na maswali. Idil akaingia kwa kibanda kipya, akavua viatu, akakaa chini kwa maranda, mbali kidogo na mtoi. Hakumwambia niangalie. Hakumwambia salimia. Aliokota twiga akaiweka karibu na Mativo, na msasa mkali kando yake. Halafu akachukua kijiti chake, akaanza kusugua polepole. Shaa. Shaa. Mbaluka akainua nyundo, akapigwa jicho moja, akaiteremsha.

Muthama akatikisa kichwa. Huyu dada alikuwa anasoma mtoi vile fundi husoma gogo kabla ya kuweka chuma.

Saa ya swala ikafika. "Mativo, naenda kuswali, halafu narudi. Nichungie mkoba." Akauacha hapo, simu ndani, kila kitu ndani.

"Huyu anajua hapa ni wapi kweli?" Mbaluka akanong'ona.

Mtoi alikazia mlango macho. Idil akarudi. Mativo akausukuma mkoba kwake.

"Asante kunichungia."

Kesho yake, vile vile. Sasa mtoi hakukaza macho sana.

Siku hiyo Idil akakaa na Muthama pale nje. "Baba Mativo, siku ya moto ilikuwaje?"

"Nilimtoa. Nikamwacha kwa mama mboga, nikarudi ndani."

"Kuchukua nini?"

"Patasi. Ilikuwa ya mzee wangu."

"Ulimwambia unarudi?"

Muthama akaangalia viatu. "Moshi vile ilikuwa, Daktari, nani angeongea?"

"Hakuna. Na hukukosea. Hata polishi ulipaka kwa sababu unampenda." Idil akasema polepole, kama mtu ana siku nzima. "Lakini hiyo mbao ndio alikuwa ameshika ukipotea kwa moshi. Huko kudunga ndio alikuwa anajua. Halafu masikio yake si kama yetu. Redio yako iko chini, yake iko juu mpaka mwisho. Alizaliwa hivyo. Si ujeuri, na si kitu ya kurekebisha. Ni ya kuzoea."

Muthama alikuwa amejipanga kukaripiwa. Tangu moto, hakuna mtu alikuwa amemwambia hukukosea. Akasingizia vumbi, akapangusa macho.

Ijumaa lori ya magogo ikapiga honi kule barabarani. Mativo akafunika masikio. Muthama akachuchumaa mbele yake, bila kumgusa.

"Mativo, naenda kuchukua mti. Narudi."

Akachomoa patasi kiunoni, akaifunga kitambaa kwa makali, akaiweka chini.

"Nichungie."

"Buda!" Mbaluka akaruka. "Hiyo mimi umeninyima miaka yote hii!"

"Wewe hukuachwa kwa moshi."

Akaenda. Njia yote masikio yako nyuma, anangoja nduru. Hakuna nduru.

Aliporudi na gogo begani, Mativo alikuwa pale pale, patasi kwa mapaja, twiga mkononi, anaiparuza na ule msasa mkali, polishi inatoka. Hakuinua macho. Aliisukuma patasi kwa babake. Muthama akakaa chini, mikono yake mwenyewe akaikalia isiguse mtu. Mtoi akasonga. Akasonga tena, mpaka bega likagusa mkono wa babake, likabaki hapo.

Jumamosi basi ya Makueni iliondoka bila wao. Muthama alikuwa kibandani na msasa, anasaidia mtoi wake kuharibu kazi safi.