Pembe ya Madoa

Mimi sipendi kubishiwa kuhusu ng'ombe. Sawa, nafundisha baiolojia hapa Mpanda na viatu vyangu siku hizi havina samadi, lakini nimekulia nyuma ya mikia yao kule Kibaoni. Ndiyo maana Deusdedit, mwandaaji wa mkutano wa wataalamu wa mifugo, aliponiletea maboksi ya matofali ya plastiki, haya wanayochezea watoto, na kuomba sanamu kubwa ya ng'ombe, ubavu mmoja wazi ili vyumba vinne vya tumbo vionekane, nilikubali kabla hajamaliza. Nikamwita mdogo wangu Malale aje tujenge wote.

Deusdedit alitaka ng'ombe wa kitabuni. Mimi moyoni nilishaamua atakuwa Madoa. Mama alipofariki tukiwa wadogo, maziwa ya Madoa ndiyo yaliyotukuza. Picha yake hakuna, na baba naye ameshatangulia. Waliomjua tumebaki wawili tu, na nilitamani nimwone tena, awe yeye hasa.

Tulianza vizuri. Malale alikuwa analowesha dole gumba kwa mate kabla ya kubandika kila tofali, kama tulivyofanya na udongo wa kichuguu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Enzi zile ng'ombe wetu wa udongo walilala uvunguni mwa kitanda, na ole wake atakayewakanyaga. Jamani, nimeyakumbuka maisha yale.

Ugomvi ukaja kwenye pembe. Madoa alikuwa na pembe moja iliyolala chini. Mimi nasema ya kushoto, Malale anasema ya kulia. Akiijenga, naibomoa. Nikamwambia amezeeka vibaya. Akanijibu kwamba mjini kumenifuta kichwa. Hilo liliniuma, kwa sababu nilianza kuogopa kuwa ni kweli. Kama sisi wenyewe hatukubaliani, basi Madoa ndo ameshapotea.

Malale akairudishia pembe yake, kisha akachuchumaa ubavuni mwa sanamu kama anayekamua. Akasema hapa ndipo alipokaa kila asubuhi, na pembe ililala upande wake. Nikaenda upande wa kichwa ili niing'oe tena. Nilipofika mbele, magoti yangu yakajikunja yenyewe na mikono ikajishika kama imekumbatia kitu. Ndama. Malale alikuwa anakamua, mimi nimemshikilia ndama mbele ya mama yake ili amlambe. Kila asubuhi nilimtazama Madoa usoni, na kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Pembe ya Malale ilikuwa palepale nilipoizoea.

"Malale," nikasema, "ni yeye."

Hakunicheka, na mimi nilitegemea anicheke. Alibaki amechuchumaa, akijifuta macho kwa mkono wa shati. Nililia bila aibu.

Matofali yalikuwa yamebaki, tukajenga na ndama, tukamsimamisha mbele ya Madoa. Deusdedit alipokuja kukagua alisifia tumbo, kisha akakunja uso. Akasema ndama hayumo kwenye mchoro, na watu wanakuja kuangalia mmeng'enyo wa chakula, kwa hiyo tumtoe.

Nilishafungua mdomo nimpashe, lakini Malale akaniwahi.

"Mwache hapo, bwana," alisema taratibu. "Huyu bila ndama wake hashushi maziwa."