Mifupa Inayopiga Mluzi

"Nani huyo kwenu anayepiga mluzi kutwa?" jirani aliwahi kuuliza, akianika shuka.

"Birika," alijibu mjane, fundi cherehani, mtu wa kusali sana.

Haikuwa birika. Ilikuwa mifupa ya mama yake. Dirisha likifunguliwa, upepo ulimpita bibi kizee mapajani na mbavuni kama unavyopita kwenye mwanzi, mluzi ukatoka, mwembamba, wa adabu. Bibi mwenyewe alishauzoea. Aliomba tu dirisha lifungwe wakati wa sala.

Siku moja mkamwana wa mjane alimwinua bibi ambadilishie shuka. Alimshika kama ashikwavyo mtoto mchanga. Mkono wa bibi ukavunjika hivyo hivyo. Mjane alikuwa mlangoni, aliona kwa macho yake. Lakini mwanawe alipouliza, alisema, "Mkeo ana mikono mizito."

Yalitosha. Mkamwana alirudishwa kwao pamoja na binti yake.

Baadaye daktari alimweleza mjane kwamba mifupa ile mtu huzaliwa na mwelekeo wake. Si kitu kimoja, ni chembe nyingi ndogo ndogo za urithi, kila mzazi na zake. "Aliyerithi nyingi, akizeeka, hata chafya yaweza kumvunja ubavu. Mama yako hakuvunjwa na mtu." Akaweka kipimo cha kusikilizia kwenye goti la mjane, akasikiliza. "Na wewe mama, unazo."

Mjane alikunja karatasi ya majibu aliyoandikiwa na daktari, akaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Hakumwambia mtu. Tangu hapo, katika sala, akifika mahali pa kutubu, aliparuka haraka kama mtu anayeruka dimbwi.

Bibi alishazikwa mkamwana alipokuja, Jumamosi mchana, na mtoto mwenye plasta mkononi. Mwana wa mjane alikuwa mezani anakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mtoto kajikwaa kwenye mkeka tu, mkono huo ukavunjika. Daktari anauliza kama upande wa baba yake kuna mwenye mifupa hii. Akijua, atajua namna ya kumkinga."

"Upande wetu?" mume alicheka, mdomo umejaa. "Sisi mifupa yetu reli. Muulize mama hapo."

Upepo ukaingia. Mkono wa mtoto ukapiga mluzi ndani ya plasta. Goti la mjane likaitikia, sauti ile ile, nzito kidogo. Wote wakasikiliza mpaka ikaisha.

"Mama, funga hilo dirisha," mwanawe alisema, akachukua tonge jingine.

Mjane alifunga. Uso ulimwaka kama aliyesimama mbele ya jiko. Droo ilikuwa wazi kiasi cha kidole, ncha ya karatasi ikionekana.

"Kwetu hakuna," alisema.

Mkamwana alilitazama lile goti, kisha akamtazama mkwewe usoni, akangoja. Mjane akaisukuma droo kwa kiwiko, akaweka mguu kwenye pedali, akaanza kushona. Sindano haikuwa na uzi.

Mkamwana alimfunga mtoto kifungo cha sweta, akamshika mkono mzima, akatoka.