Siku Tatu za Kufunga Barabara

Dada yangu na mke wangu hawakuwahi kupendana, ila walikuwa na adui mmoja, na kwa miaka mitano adui huyo ndiye aliyewaweka pamoja. Kilikuwa kiwanda cha kusaga kokoto, juu ya mtaa wetu, mwisho wa barabara moja tu ya kuingilia na kutokea. Alfajiri baruti zililipuka machimboni na mashine zikaanza kutafuna mawe. Kufika saa nne vumbi limeshatua kwenye sufuria, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vioo vya kinyozi. Kinyozi ni mimi. Nilipangusa vioo mara sita kwa siku, na bado mteja akijitazama alijiona kama mtu aliyemwagiwa unga.

Dada alistaafu ukarani wa mahakama, na mtaa mzima ulimwita Karani. Yeye ndiye katibu wa kamati yetu. Alikuwa mtu wa barua: kila moja nakala tatu, muhuri, anaipeleka kwa mkono na kudai sahihi ya aliyeipokea. Alikuwa na orodha ya wakazi mia nne na kumi na wawili waliotia sahihi kukipinga kiwanda, na orodha ile aliitunza kama yai. Ofisi ya mazingira walimpiga danadana. Faili limehamishwa, mkubwa yuko safarini, njoo wiki ijayo. Na wiki ijayo alikwenda.

Mke wangu ni fundi cherehani. Walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Tuliishi ua mmoja na dada, vyumba viwili vyetu, viwili vyake. Binti yetu wa miaka saba alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Siku daktari alipomwandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo, mke wangu aliingia kwa dada bila hodi.

"Wifi, hiyo barua ya ngapi?"

"Ya thelathini na nane."

"Wamejibu ngapi?"

"Mbili."

"Basi Jumatatu tunafunga barabara."

Dada akavua miwani. "Ukifunga barabara, mimi ninayeingia zile ofisi na heshima zangu nitaonekana mhuni kama wewe."

"Heshima zako hazijampunguzia mtoto hata kikohozi kimoja."

"Na kelele zako ndizo zitampunguzia?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikasema jamani, tuongee taratibu. Wote wawili wakanigeukia na kuniambia ninyamaze. Sikumbuki jambo jingine walilokubaliana mwaka ule.

Jumatatu mke wangu na wenzake kama arobaini, wengi wao wanawake, walikaa barabarani na mabenchi, matairi na magogo. Walifunga kule chini, penye kalavati, kwa sababu huku juu malori yangekwepa kwa kupita pembeni ya machimbo. Ubaya wake, palipofungwa malori ndipo palipofungwa mtaa. Gari la mkate halikuingia, wala gari la maji tunalolitegemea siku sita kati ya saba.

Siku ya kwanza watu walishangilia. Malori yalijipanga hadi barabara kuu, madereva wamelala uvunguni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano tulisikia ndege wakilia. Siku ya pili ndoo zilikuwa tupu na nyuso zimebadilika. Fundi umeme mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, nilikuwa nimeshamnyoa upande mmoja aliponiuliza kwenye kioo, "Mkeo atatufungia humu kama kuku mpaka lini?" Nikamwambia mwenye majibu yuko kule chini. Akang'oa kitambaa shingoni, akatoka na kichwa nusu. Afadhali atembee hivyo, alisema, kuliko kuguswa na mkono wangu.

Kwa dada kulikuwa na foleni. Nilidhani wamefuata habari, kumbe wamekuja kujifuta.

"Nitoe kwenye orodha yako," alisema mama mmoja mwenye ndoo tupu kichwani. "Nilitia sahihi kudai hewa safi. Sikutia sahihi ninyimwe maji."

"Hao si kamati," dada alisema. "Kamati haijafunga chochote."

"Wifi yako si ndiye anayeongoza? Nifute."

Dada alimfuta. Alitumia rula, mstari mmoja ulionyooka juu ya kila jina. Jioni ile walikuwa wamefutwa mia mbili na watatu. "Yule mama nilimfuata mara nne kabla hajakubali," aliniambia. "Mara nne! Mkeo kamfukuza kwa asubuhi mbili."

Siku ya tatu jirani yetu, baba mtu mzima, alishuka hadi penye kalavati na beseni la maji machafu ya kufulia. Alimwagia mke wangu kichwani. Kuna waliocheka. Mke wangu hakuinuka, alijipangusa macho kwa khanga na kusema, "Kumbe maji unayo." Mchana polisi wakaja. Virungu vilitembea, mabenchi yakavunjwa, watu saba wakapakiwa kwenye gari. Mke wangu alikuwa wa kwanza.

Saa kumi jioni ile ile, gari la ofisa wa mazingira lilisimama mbele ya ua wetu. Katika miaka mitano hakuwahi kukanyaga mtaani. Aliketi kwenye kiti cha dada, akakunja nne.

"Tunataka kuongea na watu wenye busara," alisema. "Mwenye kiwanda ana kazi kubwa ya serikali. Siku tatu bila kokoto zimemtoa jasho, na hataki ya nne. Baruti zinasimama leo. Ndani ya miezi mitatu mashine zinahamia mbali na watu."

Dada hakuamini masikio yake. "Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi. Ila na nyinyi mtuandikie." Akatoa karatasi. Ilisema kamati haiwatambui waliofunga barabara, inalaani vitendo vyao, na inaunga mkono washtakiwe.

"Dada," nikasema, "huyo ni mke wangu."

"Na anayekohoa humo ndani ni nani wako?"

"Mwambie aondoe hilo la kushtakiwa."

Ofisa alitazama saa yake. Dada akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri, akagonga muhuri.

Mke wangu alikaa ndani siku kumi na mbili, akatoka kwa kifungo cha nje cha mwaka mzima. Alipofika mtaani, nakala ya ile karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa kamati. Aliisoma mara mbili. Alimkuta dada uani, anaanua nguo.

"Miaka mitano walikukalisha kwenye benchi," alimwambia. "Uhuni wangu wa siku tatu umekuletea gari mpaka mlangoni."

"Mlangoni kwa nani? Si kwako. Kwako walileta virungu. Walitaka mtu wa kuongea naye, na mtu huyo nimemjenga mimi, barua moja moja."

"Walitaka mtu wa kunizika."

"Mia mbili na watatu wametukimbia kwa sababu yako! Wangebadilisha nia wale mabwana, ningerudi ofisini na nani?"

"Na mimi kule ndani nilikuwa na nani, wifi? Umeandika kwa mkono wako nishtakiwe."

"Ningeandika tena."

Mke wangu akamtemea mate miguuni.

Mashine zilihama kweli, katika mwezi wa tatu tangu ahadi ile. Kamati iliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Watu walisimama kumpigia dada makofi. Aliyemwaga beseni alipiga kuliko wote, na wengine waliomba majina yao yarudishwe. Dada alisoma historia yote ya mapambano, tarehe kwa tarehe, barua kwa barua. Zile siku tatu alizipita kama hazikuwahi kuwapo. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma kabisa. Nilijua natakiwa kuinuka niseme neno. Nilikuwa na maneno. Nikabaki nimekaa.

"Nilikuona," aliniambia nyumbani. "Yeye alitia sahihi kwa kalamu. Wewe umetia kwa makalio."

Wiki hiyo nilitafuta vyumba viwili upande wa pili wa mji, na Jumamosi tukahama. Binti yetu alibeba mito, mimi godoro. Cherehani ni ya chuma, nzito, inataka watu wawili. Nilipoinama kuishika, dada alitoka chumbani kwake akashika upande wa pili. Tukaifikisha getini.

"Wekeni chini," mke wangu alisema. Tukaiweka. "Sasa atoe mikono yake."

Dada akatoa mikono, akajipangusa kwenye gauni, akarudi ndani. Mke wangu alishika upande ule, tukaipakia garini sisi wawili.