Amekutuma Nani?

Harusi ya Razan ilikuwa iwe Ijumaa, na Amu nzima, kisiwani Lamu, ilishajua kwamba haipo. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikizunguka kwenye simu: “Harusi gani? Hakuna harusi!” Wengine wakatia chumvi, eti bwana harusi ana mke mwingine huko Mokowe. Watu, bwana!

Habari ikamfika Fahima, mama yake Razan. Wanawake wasipokuja, mwanawe ataimbiwa na viti. Akakimbilia kwa Bi Zamzam, mwalishi wa mtaa, anayepita nyumba kwa nyumba kualika harusi kama alivyopita nyanya yake.

“Bi Zamzam, zamani uwongo haukuwako?”

“Ulikuwako tele,” alicheka bibi. “Wafalme wa Pate walikuwa na ngoma zao na malenga wao. Washindwe vita, watu wa muyi waambiwe wameshinda. Nani angewazuia? Lakini maneno yetu wanawake yalipita kwa mwalishi. Kila mlango utaulizwa, amekutuma nani? Huna mtu, hufunguliwi. Na ukileta uwongo, ndia hiyo huipiti tena.”

Basi wakatoka, wakiuliza kila mlango habari ile imetoka kwa nani. Jirani mmoja, Thuraya, aliipata kwa Shukri. Shukri, bila haya, akasema sauti ni ya Batuli, na aliyeirekodi ni yeye Shukri. Alimuuliza Batuli atavaa nini harusini, ndipo akajibiwa vile.

Batuli! Binti wa ami yake Fahima, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii Fahima aliishona mwenyewe. Siku ya kualika, yeye ndiye aliyemwambia Bi Zamzam aruke mlango wa Batuli: huyo ni wa nyumbani, atatumiwa ujumbe wa simu. Na kwa Batuli, harusi asiyobishiwa mlango si harusi. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Mbele ya mlango ule Bi Zamzam akarudi nyuma. “Hapa bisha wewe.”

Fahima akabisha.

“Amekutuma nani?” sauti ikauliza ndani.

“Nimeyituma mwenyewe, Batuli. Nimekuya kukualika. Nisamehe.”

Komeo likalia. Batuli alitoka macho mekundu, buibui tayari mwilini.

“Ndoo twende. Walosikia sauti yangu na waone na pua yangu.”

Fahima akacheka huku analia. Walipobisha nyumba ya jirani na kuulizwa amewatuma nani, Batuli alijibu kwa sauti ile ile ya simuni, mtaa mzima ukasikia:

“Dada yangu.”