Neno Moja la Kusimamisha Ndege

Ninawaandikia wazazi wenzangu, hasa akina mama wa Rhotia na Buger ambao watoto wenu wameanza kuitwa kwenye kazi za wale wageni wanaoruka kutoka kwenye ndege. Sitaki kubishana kama kazi ile ni nzuri au mbaya. Nimewapikia mimi mwenyewe. Nataka tu mjue nilichokifanya mimi, Hyasinta, mama yake Eva, ili nanyi msikifanye.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa nane, mahindi yameshavunwa. Wageni walikodi shamba kubwa kule Buger, lile tambarare la upande wa msitu. Ukitembea kuelekea mashariki shamba linaisha, msitu unaanza, na msitu nao unaishia kwenye ukingo. Chini ya ukingo ni bonde. Watu wa huku tunaujua ule ukingo. Ng'ombe akipotelea kule hatuendi hata kutafuta ngozi.

Eva wangu alikuwa na miaka ishirini na tatu, ametoka kusomea utalii Arusha. Walimfundisha wiki sita kazi ya chini. Yeye hakuruka, na mimi nilishukuru Mungu kwa hilo. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya shamba na redio, na kifaa cha kupimia upepo, na kuangalia ile soksi ndefu ya kitambaa juu ya mlingoti inayoonyesha upepo unatoka wapi. Nikadhani amepewa kazi nyepesi. Mtoto wa kike, amekaa kwenye kiti, ana kofia.

Juu kwenye ndege alikuwa kaka yangu Remigius. Alikuwa mwanajeshi, aliruka miaka mingi kabla ya kustaafu, na wale wageni walimpa kazi ya kusimama mlangoni na kuachia watu. Ndege yenyewe ni kubwa, ya mizigo. Mkia wake unafunguka kama nyuma ya lori, na ndani wanakaa watu arobaini.

Siku ya mazoezi Remigius alitukusanya wote, hata sisi wa jikoni, akatueleza.

"Ndege hii haisimami kumngojea mtu," alisema. "Ukihesabu mpaka kumi, imeshapita umbali wa kutoka kanisani kwetu mpaka sokoni. Kwa hiyo sitawamwaga wote arobaini pamoja kama mahindi. Wataruka kwa mizunguko mitatu. Kila mzunguko, kundi kubwa linatangulia, dogo linafuata, anayeruka peke yake anakuwa wa mwisho. Kati ya kundi na kundi nahesabu, wasije wakafunguliana miavuli kichwani."

"Na upepo?" akauliza Koinet.

Koinet alikuwa kijana wa Nainokanoka, Mmaasai, aliyeongoza watalii miaka kadhaa halafu wageni wakamfundisha kuruka. Yeye ndiye angeruka na bendera yetu. Alipenda kukaa jikoni kwangu. Siku hiyo alikuwa na sahani ya tatu ya makande mkononi.

"Upepo ni wa huyu," Remigius akamwonyesha Eva. "Mimi nawaachia kule unakotoka upepo, ili uwarudishe shambani. Asubuhi unatoka bondeni, kwa hiyo nitawaachia juu ya msitu. Ukigeuka, ukaanza kutoka magharibi, upande wa kreta, basi hao hao utawasukuma ukingoni. Mimi huko juu sitaujua. Huyu wa chini ataujua. Akiona umegeuka atasema neno moja tu, *simama*, mara tatu. Nikilisikia nafunga mlango, ndege inazunguka. Siulizi kwa nini. Kwenye redio hakuna mkubwa wala mdogo."

"Koinet, wewe acha kula," nikamwambia. "Utakuwa mzito, uanguke kama gunia."

"Mama Eva, ninyi limeni huko chini. Mimi nachunga mawingu, na mchungaji lazima ashibe."

Tulicheka. Ndivyo alivyokuwa.

Mchana ndege ikapita kwa majaribio, bila mtu kuruka. Nilikuwa nje ya banda la jiko na wenzangu wa kwaya waliokuja kunisaidia kumenya viazi. Nikamsikia Eva akipiga kelele kwenye redio: "Simama! Simama! Simama!" Sauti kali, kama anafukuza nyani shambani. Ndege ikakata kona. Baadaye Remigius aliposhuka na kumfuata kumuuliza jambo, Eva akamjibu huku amemwangalia usoni, "Ulichelewa sekunde nne. Kesho usichelewe."

Mmoja wa wenzangu akaacha kumenya. "Huyo si mjomba wake?" akauliza. "Siku hizi mjomba anaambiwa *usichelewe*?"

Mwingine akacheka puani. "Ndiyo faida ya kusomesha."

Hayo maneno yalinichoma. Kwetu mjomba ni mtu mzito. Ndiye anasimama siku mtoto anapoposwa, na akinuna ndoa inakwama. Remigius alikuwa ametusaidia tangu baba yake Eva alipofariki. Na mimi nimemlea huyu mtoto kwa fimbo na sala, amwamkie kila mkubwa, asimkatishe mtu mzima maneno. Leo wanakwaya wananicheka.

Jioni nikamshika Eva mkono, nikampeleka kwenye hema la mjomba wake.

"Omba msamaha," nikamwambia.

"Mama, ile ni kazi. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Nimesema omba msamaha. Inamisha kichwa."

Remigius alikuwa anavua viatu. "Hyasinta, mwache mtoto," alisema. "Amefanya vizuri. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

"Kaka, usimharibu. Kazi ni kazi, mjomba ni mjomba. Leo anakufokea wewe, kesho atanifokea mimi."

Kaka akachoka nami. Akamwekea Eva mkono kichwani, akasema yameisha. Lakini mimi sikuishia hapo. Njiani kurudi nikamsimamisha mwanangu, nikamwapisha kwa jina la marehemu baba yake. Nikamwambia hata kama ni redio, akiwa na jambo la kumwambia mjomba, amwamkie kwanza, halafu amwombe. Asimwamrishe tena.

Eva aligeuka akaliangalia hema la mjomba wake. Kisha akasema, "Sawa, mama."

Nikalala vizuri usiku ule. Nawaambia ukweli, nililala vizuri kabisa, na moyoni nilijisifu.

Kesho yake watu walikuja kutoka Karatu mjini na vijijini kuangalia. Mzunguko wa kwanza ulikwenda salama. Walidondoka juu ya msitu kama mbegu, miavuli ikafunguka, upepo ukawaleta taratibu mpaka shambani, wengine wakatua kwa miguu kama wanashuka ngazi. Watu wakapiga vigelegele. Hata wale wa kwaya wakasahau viazi.

Ndege ikazunguka kwa mzunguko wa pili. Mimi nilikuwa nimempelekea Eva chai, nimesimama hatua tano kutoka kwake. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu.

Ile soksi ilianguka. Ikaning'inia kama nguo imelowa, labda dakika moja. Halafu ikanyanyuka, ikaelekea upande mwingine. Hata mimi niliyeishia darasa la saba niliona. Ilikuwa inaelekea msituni. Vumbi la shamba likainuka likaenda huko huko, na kofia ya Eva ikamtoka.

Eva akasimama. Akaangalia kile kifaa chake, akaangalia juu. Ndege ilikuwa imeshakaribia, mkia uko wazi. Akaleta redio mdomoni. Halafu akageuka, akaniangalia mimi.

Naomba mnielewe. Aliniangalia mimi, na mimi nikamkazia macho. Sikumkazia makusudi. Ndiyo macho niliyomkazia tangu akiwa mdogo, kila tukienda nyumbani kwa watu.

"Shikamoo mjomba," Eva akasema kwenye redio.

Ikakoroma. "Marahaba, mpwa wangu. Sema."

"Samahani mjomba, naona upepo kama umebadilika kidogo. Kama utaona inafaa, labda tungesubiri."

"Nimekusikia. Kidogo tutamudu. Tumeshaanza kutoka."

Kundi la kwanza likatoka. Eva akaita tena, "Mjomba, nakuomba." Kundi la pili likatoka. Ndipo akapiga kelele lile neno, simama, simama, simama, mpaka sauti ikakatika. Mlango ukafungwa pale pale. Remigius alifanya kama alivyosema, hakuuliza. Lakini wa mwisho alikuwa ameshatoka, yule anayeruka peke yake. Tuliiona bendera ikifunguka chini ya miguu yake, kubwa, nzuri. Watu ambao hawakujua kitu wakashangilia.

Wale wa makundi mawili wengi walijikokota wakatua mwanzo wa msitu. Wawili walivunjika miguu kwenye miti. Koinet alikuwa mbali zaidi. Tulimwona anageuza mwavuli kurudi kwetu, akakaa pale pale angani kama amefungwa kamba, halafu akaanza kurudi nyuma. Akapita juu ya msitu akiwa bado ametuangalia sisi. Halafu akashuka upande wa pili wa ukingo na hatukumwona tena.

Vijana wa Buger walimpata mchana, chini ya ukingo. Walimbeba kwenye shuka zao. Sitaandika zaidi.

Siku ya tatu wakaja watu wa kuchunguza, wakakaa kwenye hema, wakatuita mmoja mmoja mbele ya wote. Remigius alizeeka siku zile tatu. Alisema, "Nilimsikia. Lakini nilijua kama ni hatari angesema neno lenyewe. Jana yake alilisema vizuri sana." Akaniangalia. Alijua. Hakusema zaidi, kwa sababu mimi ni dada yake.

Wakamuuliza Eva, "Ulifundishwa neno. Kwa nini hukulitumia?"

Eva alikuwa ameinamisha kichwa, kama nilivyomwinamisha mimi kule kwenye hema la mjomba. "Nililisahau," akajibu.

"Ulilisahau?"

"Ndiyo. Nililisahau."

Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilisikia kila kitu. Wakaandika kwamba mtumishi wa chini alisahau, wakafunga karatasi zao. Mdomo wangu haukufunguka. Habari ikatembea: binti wa Rhotia alisahau neno, kijana wa Nainokanoka akafa. Sokoni wanamnyooshea kidole. Eva akaacha kutoka nje. Akaacha kula mpaka nimlishe. Na sikumsikia akinilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa linanimaliza.

Wiki tatu nilivumilia. Kisha nikapata nafasi kwenye lori linalopeleka mahindi juu, nikashukia Nainokanoka pale kwenye maduka, nikaulizia boma la Nanyori, mama yake Koinet. Nilitembea saa nzima kwenye baridi na ukungu. Mbwa walinipokea.

Nanyori ni mama wa umri wangu. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo dada yake Koinet, Nashipai, alikaa kati yetu akatafsiri. Nilikataa kiti. Nikasema yote: mazoezi, wale wa kwaya, hema la kaka yangu, kiapo cha njiani, yale macho. Nikasema Eva hakusahau kitu. Nikasema mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Nashipai alitafsiri mpaka katikati, akashindwa, akafuta uso, akaendelea.

Nanyori akaongea muda mrefu bila kunitazama.

"Anauliza," Nashipai akasema, "ni siku ngapi tangu ulijue hili."

"Tangu siku ile ile."

"Anasema wiki tatu. Anasema wiki tatu, kila asubuhi akikamua ng'ombe, amelitaja jina la binti yako kwa ubaya. Amemwombea asipate mtoto. Anasema ulikuwa wapi."

Nilipiga magoti pale kwenye samadi. Nikasema, "Mwambie alitaje langu. Mwambie naitwa Hyasinta. Amwache Eva."

Nashipai akamwambia. Nanyori aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa. Akamwaga kidogo chini kuelekea kule nilikotokea, akasema maneno na jina la Eva nikalisikia ndani yake. Halafu akakiziba kibuyu.

"Jina la binti yako amelitoa kwenye laana," Nashipai akasema taratibu. "Anasema alikuwa mtoto anayemtii mama yake, na Koinet naye alikuwa hivyo hivyo. Lako anasema hawezi kulitoa leo. Anasema usimwombe."

"Sijamwomba."

Nikaaga. Nashipai akainuka anisindikize mpaka njiani kama ilivyo kawaida, lakini mama yake akamwita kwa sauti ndogo, akarudi. Nikashuka peke yangu mpaka kwenye maduka, nikasubiri lori.

Usiku ule nilimwambia Eva nilikotoka. Alisikiliza amegeukia ukutani. Kesho yake alinisindikiza kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mbele ya watu nikayarudia yote, na wale wa kwaya walikuwepo. Barua ya kwenda kwa wale wachunguzi ameiandika Eva kwa mkono wake, mimi nikatia sahihi. Hawajajibu mpaka leo. Lakini sokoni sasa wananyoosha kidole kwangu, na yeye anapita.